Herufi Iliyonyamaza

Nilipokuwa mwanafunzi wa darasa la tano, mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa na desturi ya kutusimamisha mmoja mmoja ili tusome kwa sauti mbele ya wenzetu. Siku moja zamu ilimfikia mvulana niliyekaa naye dawati moja. Alikuwa mtoto mpole, hodari wa hesabu, na alisoma pole pole, akishika kila herufi kama mtu avukaye mto kwa kukanyaga mawe. Akafika penye neno "knife." Hakulijua. Basi akafanya kama tulivyofundishwa sote tangu darasa la kwanza katika Kiswahili: akatamka kila herufi aliyoiona. Akasema, "Kinaifu."

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu naye akacheka, kisha akamwamuru aketi. Mimi nilicheka kuliko wote, maana neno lile nilikuwa nalijua, na kumcheka jirani ni njia nyepesi ya kujionyesha kuwa mjuzi. Muhula ule wote mwenzangu hakuinua mkono tena katika somo la Kiingereza, na jina la "Kinaifu" likamwandama hata uwanjani.

Miaka mingi baadaye, nilipokuwa katika chuo cha ualimu nikitayarisha somo la tahajia, ndipo nilipopata kujua jambo ambalo lilinifadhaisha. Mvulana yule hakuwa mjinga. Ile k aliyoitamka, na ambayo sisi tuliicheka, Waingereza wenyewe waliitamka kwa mamia ya miaka. Insha hii ni habari ya herufi hiyo, na ni deni langu kwake.

Tuanze kwa kuyatazama maneno yenyewe. Kiingereza kina maneno mengi mafupi yaanzayo kwa herufi mbili, k na n, na ambayo k yake haisikiki. "Knee" ni goti, na "kneel" ni kupiga magoti. "Knot" ni fundo. "Knit" ni kufuma kwa uzi. "Knead" ni kukanda unga. "Knock" ni kubisha au kugonga. "Knuckle" ni kifundo cha kidole, "knob" ni kishikio cha mviringo kama kile cha mlango, na "knoll" ni kilima kidogo. "Knell" ni mlio wa kengele ya msiba. "Knife" ni kisu, kama tujuavyo. "Know" ni kujua. Kisha yako maneno mawili ambayo nitayaeleza kwa urefu hapo mbele, "knight" na "knave."

Mwanafunzi mwangalifu atatambua kwamba mengi ya maneno haya yahusu kitu cha mviringo, kilichovimba au kukunjana: goti, fundo, kifundo, kishikio, kilima. Na sisi katika Kiswahili tuna neno "fundo," ambalo ni la kamba, na kutoka kwake twapata "kifundo," ambacho ni cha mguu au cha mkono. Mabaharia wa Ulaya, ili kuupima mwendo wa jahazi, walikuwa wakitupa majini kipande cha ubao kilichofungwa kamba yenye mafundo, kisha wakahesabu mafundo yaliyopita mkononi wakati mchanga wa shisha ulipokuwa ukishuka. Kwa sababu hiyo, hata leo mwendo wa meli na nguvu za upepo baharini huhesabiwa kwa "knots," na kila fundo moja ni sawa na mita 1,852 kwa saa.

Je, k hii ilitoka wapi, na kwa nini imenyamaza? Jibu lataka turudi nyuma zaidi ya miaka elfu moja na mia tano.

Utawala wa Warumi katika Uingereza ulikoma mwanzoni mwa karne ya tano, yapata mwaka wa 410. Baada ya hapo makabila ya Waanglo, Wasaksoni na Wajuti yalivuka bahari kutoka pwani za nchi ambazo leo ni Ujerumani na Denmark, yakafanya makao katika kisiwa hicho. Lugha yao ndiyo mama wa Kiingereza. Goti waliliita "cneow," fundo "cnotta," kukanda "cnedan," kujua "cnawan." Waliandika c mahali ambapo leo huandikwa k, lakini sauti ilikuwa ile ile ya k, nao waliitamka wazi pamoja na n iliyofuata. Hapakuwa na herufi ya urembo tu. Kila iliyoandikwa ilikuwa na kazi yake kinywani.

Ushahidi wa jambo hili twaweza kuusikia kwa masikio yetu hata leo, maana ndugu za Kiingereza wangali hai. Mjerumani akitaja goti husema "Knie," na k yake husikika bila shaka yoyote. Fundo kwake ni "Knoten." Waholanzi nao huitamka k hiyo, na Waswidi, wakitaja kisu, husema "kniv." Katika jamii hiyo yote ya lugha, Kiingereza ndicho kilichojulikana zaidi kwa kuiacha sauti hii ya wazee wake.

Na kisu chenyewe kilikujaje? Wasaksoni walikuwa na neno lao la kale la kisu, nalo lilikuwa "seax." Lakini tangu mwisho wa karne ya nane watu wa kaskazini, kutoka Denmark na Norway, walianza kuishambulia Uingereza kwa merikebu zao. Katika mwaka wa 793 waliishambulia nyumba ya watawa katika kisiwa cha Lindisfarne, na baadaye wakateka nchi kubwa. Mfalme Alfred wa Wessex aliwashinda katika mwaka wa 878, walakini hakuweza kuwafukuza. Wakabaki wakilima na kuoa katika sehemu za kaskazini na mashariki. Jirani hukopeshana moto, chumvi na maneno. Kutoka kwa watu hawa Kiingereza kilipata maneno ya kila siku kama "egg," yaani yai, "sky," yaani mbingu, na "window," yaani dirisha. Na kutoka kwa neno lao "knifr" kikapata "knife." Kwa hiyo neno lile lililomwaibisha mwenzangu halikuwa la Waingereza tangu asili. Wao nao walilichukua kwa wageni, na bila shaka yuko mtoto wa Kisaksoni aliyelisikia kwa mara ya kwanza akalishangaa.

Yafaa tukumbuke pia kwamba kuanzia mwaka wa 1016 hadi 1035 Uingereza ilitawaliwa na mfalme wa Kidenmarki aliyeitwa Knut. Jina hilo, katika lugha ya kwao, maana yake ni fundo. Wale waandishi waliozoea Kilatini, ambao ndimi zao hazikuipenda k iliyosongamana na n, walitia irabu katikati wakaandika "Canutus," na mpaka leo vitabu vingi vya Kiingereza humwita "Canute." Wafaransa nao, walipolikopa neno la kisu kutoka katika jamii ya lugha hizo za kaskazini, walitia irabu vivyo hivyo wakasema "canif." Sasa tulinganishe. Mwandishi wa Kilatini alitia irabu katika jina la mfalme, na kazi yake ikaitwa elimu. Mtoto wa darasa la tano alitia irabu mahali pale pale, kwa sababu ile ile, akaitwa Kinaifu.

Katika mwaka wa 1066 William wa Normandy alivuka bahari kutoka Ufaransa, akamshinda Mfalme Harold katika vita vya Hastings, akashika ufalme. Lugha ya watawala ikawa Kifaransa, na waandishi waliofuata wakaubadili mwandiko wa Kiingereza. Wao ndio walioeneza desturi ya kuandika k badala ya c mbele ya n. "Cneow" likawa "knee," "cnotta" likawa "knot." Vazi lilibadilika, bali mwili ulikuwa ule ule, maana sauti iliendelea kutamkwa.

Hapo ndipo maneno yetu mawili, "knight" na "knave," yalipoachana njia. Hapo kale yalikuwa kama watoto wa nyumba moja. "Cniht" lilikuwa na maana ya kijana au mtumishi. "Cnafa" lilikuwa na maana ya mvulana, kisha mtumishi. Baada ya ushindi wa Wanormani, wananchi waliwaona askari wapanda farasi waliowatumikia mabwana wakubwa, wakawaita kwa neno lao la mtumishi, "knight." Askari hao walipewa mashamba, wakapata ngome na heshima, na neno likapanda pamoja nao. Leo "knight" ni cheo. Mtu anayepewa hupiga magoti mbele ya mfalme au malkia, akaguswa mabegani kwa upanga, kisha huitwa "Sir." Wachezao sataranji pia humfahamu: ni yule mwenye umbo la farasi.

Lakini "knave" hakupata farasi wala shamba. Alibaki jikoni na zizini. Wakubwa wakazoea kumdhania kila mtumishi kuwa ni mwizi na mlaghai, na kwa muda wa karne kadhaa neno lililokuwa la mvulana asiye na hatia likawa tusi, nalo ni tusi mpaka leo: mtu mwovu, ayari. Mahali alipobaki na umbo lake la zamani ni katika karata, ambako "knave" ni ile karata ya kijana anayewatumikia mfalme na malkia. Na sisi katika pwani yetu karata hiyo twaiita ghulamu, neno la Kiarabu ambalo nalo maana yake ni kijana au mtumishi. Katika Kijerumani, "Knecht" amebaki kuwa mtumishi na "Knabe" amebaki kuwa mvulana, hakuna aliyepanda wala aliyeshuka. Basi tusidhani kwamba maana ya neno huteremka kutoka mbinguni. Huwekwa na watu, na aghalabu huwekwa na wenye nguvu.

Katika mwaka wa 1476 mfanya biashara mmoja aitwaye William Caxton, ambaye alikuwa amejifunza kazi ya kupiga chapa katika bara la Ulaya, alifungua kiwanda chake huko Westminster karibu na London. Miongoni mwa vitabu vya kwanza alivyovipiga chapa ni hadithi za Canterbury za Geoffrey Chaucer, mshairi aliyefariki katika mwaka wa 1400. Hadithi ya kwanza katika kitabu hicho husimuliwa na "knight," na katika siku za Chaucer neno hilo lilitamkwa kwa herufi zake zote: k ilisikika, na gh ilisikika kwa sauti ya kooni iliyo karibu na ile kh ya Kiarabu.

Kabla ya kupiga chapa, kila mwandishi aliandika kama alivyosikia, na mwandiko uliweza kufuata ulimi. Lakini kitabu kilichopigwa chapa husambaa kwa mamia na maelfu, nacho huwazoesha macho umbo moja. Mwandiko ukaanza kuganda. Ulimi, hata hivyo, haugandi. Kutamka k huinua nyuma ya ulimi. Kutamka n hugusisha ncha yake mbele na kupitisha pumzi puani. Kufanya mambo hayo mawili kwa mfululizo, bila irabu katikati, ni kazi, na kinywa hupenda kupumzika. Katika karne ya 17 Waingereza wakaanza kuilegeza k, na kufikia mwisho wa karne hiyo ilikuwa inatoweka katika usemi wa watu wa mjini. Samuel Johnson alipoichapisha kamusi yake mashuhuri katika mwaka wa 1755, alieleza mwenyewe kwamba k ikitangulia n imekwisha kupoteza sauti yake. Lakini hakuiondoa. Noah Webster wa Marekani, ambaye katika kamusi yake ya mwaka wa 1828 alithubutu kuondoa herufi katika maneno mengine, hata yeye aliiacha k ya "knee" na ya "knife" mahali pake.

Iko nyumba moja ambamo k hii haikufa. Tamka neno "acknowledge," yaani kukiri, kisha usikilize. Ndani yake limo neno "know," na k yake inasikika. Kwa kuwa mbele yake iko irabu, ulimi hupata mahali pa kuiegemeza.

Je, ni hasara tupu kuandika herufi isiyosemwa? Wengi husema hivyo, na mtoto anayejifunza imla atakubaliana nao. Lakini herufi hiyo ni kama jiwe la kaburi: halisemi, ila laonyesha nani amelala hapo. Kwa kuitazama k ya "knee," mtaalamu wa Kijerumani Jacob Grimm na wenzake waliweza kuona ujamaa uliojificha. Katika mwaka wa 1822 Grimm alieleza kwamba mahali penye sauti ya g katika Kilatini na Kiyunani, lugha za jamii ya Kijerumani zina k. Goti kwa Kilatini ni "genu," na kwa Kiyunani ni "gonu." Basi "knee" na "genu" ni ndugu. Kadhalika "know," kujua, ni ndugu wa neno la Kilatini ambalo limezaa "ignorant," yaani mjinga, mtu asiyejua. Ile gn iliyo katikati ya "ignorant" na ile kn ya "know" zina babu mmoja. Kama k ingalifutwa, njia ya kumfikia babu huyo ingalikuwa ngumu zaidi kuonekana.

Sisi katika Kiswahili tulichagua njia nyingine. Kwa mamia ya miaka wazee wa pwani, wa Lamu, Pate na Mombasa, waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Herufi za Kirumi zilienezwa katika karne ya 19 na watu kama Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa katika mwaka wa 1844, na Edward Steere wa Unguja. Katika mwaka wa 1928 mkutano wa Mombasa uliichagua lahaja ya Unguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na katika mwaka wa 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi ya kuusawazisha mwandiko. Ukivitazama vitabu vingi vya zamani utaona "khabari," "kheri" na "khatari." Wengi wetu tulipoiacha ile kh na kusema h tu, mwandiko ulitufuata, na leo twaandika "habari," "heri" na "hatari." Kiingereza kiliiweka herufi baada ya sauti kufa; Kiswahili kiliizika pamoja nayo. Ila majina ya watu hayakubali kuzikwa upesi: wangali wako akina Khamisi na Khadija, na wazee wa pwani ambao heri kwao ni "kheri."

Kila njia ina bei yake. Mtoto wa Kiswahili husoma karibu kila neno mara amalizapo kujifunza silabi, na hiyo ni neema kubwa. Lakini akilitazama neno "habari" haoni tena kwa urahisi lilikotoka. Mtoto wa Kiingereza hutaabika miaka mingi, walakini akifundishwa vizuri, kila neno gumu laweza kumfungulia mlango wa historia. Kosa si la mwandiko huu wala ule. Kosa ni la sisi walimu, tunapomwambia mtoto kwamba k haisemwi, tukaishia hapo, kana kwamba ni amri isiyo na sababu. Na tena tunapomcheka yule aliyetumia akili yake kwa uaminifu.

Mwaka fulani nilirudi nyumbani wakati wa likizo, nikamkuta mwenzangu yule. Sasa ni seremala, naye anasifiwa kwa kazi yake. Niliketi kwenye benchi lake nikamweleza habari hizi zote: Wasaksoni, Mfalme Knut, Caxton na kiwanda chake. Alisikiliza huku akipiga randa. Nilipomaliza nikamwambia kwamba siku ile yeye ndiye aliyesoma kama walivyosoma wenye lugha, na kwamba laiti ningalijua, ningalisema. Akapuliza mavumbi ya mbao, akanitazama, akajibu, "Hata kama hukujua, ungalinyamaza."

Sikuwa na la kumjibu. Nanyi vijana mnaosoma kurasa hizi, siku moja mtasikia mwenzenu akilitamka neno kwa namna isiyo ya kawaida. Mwelezeni kwa upole inavyotamkwa leo, maana mtihani utamtaka aseme kama watu wa leo. Lakini kabla ya kucheka, ulizeni kwanza ni nani aliyewahi kulisema hivyo.